Mguu wa Mtani

1

Siku ya sitini na mbili nilichuchumaa ndani ya banda la kuku, majogoo wawili kwapani, mmoja kila upande, nikainuka na kushuka mara thelathini. Majogoo ni bora kuliko vyuma vya mazoezi, maana chuma hakigombani nawe. Nikishuka, wa kulia ananidonoa ubavuni. Nikipanda, wa kushoto anapiga mbawa, mwili unayumba, na vile vimisuli vya nyonga, ambavyo mtu huishi navyo miaka sabini bila kujua kama vipo, vinaamka kuuliza kuna nini.

Simu niliyoitundika kwenye msumari ikacheka.

"Mhehe, leo unafanya nini? Mguu wangu unaruka kama nimekanyaga nyuki."

"Kinakuhusu nini? Kaa kitini upokee."

"Nauliza tu. Jana ulipanda ngazi, ukaniletea kitu kimepoa kama uji wa juzi. Leo kina pilipili."

"Ni majogoo."

"Unawala wabichi?"

"Nawanyanyua!"

"Heri yao. Kwani mbwa wa jirani wameshaisha?"

Huyo ni Ladislaus Tawete, Mngoni wa Peramiho, seremala mstaafu, na mtani wangu. Mimi ni Anjelus Kihwele, Mhehe wa Kalenga, umri miaka sabini na minne, mkaguzi wa mizani mstaafu. Babu zake na babu zangu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana watukanane badala ya kuuana. Ndio mkataba wa amani pekee ninaoufahamu ambao bado unafanya kazi. Mtani akikuibia jogoo, unacheka. Akija msibani kwako akalala ndani ya jeneza tupu akidai ni lake, unampa chakula ili atoke. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosea.

Mwaka juzi Ladislaus alidondoka kutoka kwenye kenchi za paa. Mgongo ulipona, mguu wa kushoto ukagoma. Ndipo Kituo cha Mwangwi hapa Iringa kikamshonea nyuzi, na mimi kikanivalisha mkanda.

Nieleze kidogo, maana kuna watu bado wanadhani ni uchawi. Mkanda unavaliwa kiunoni na mtoaji. Unasikiliza misuli yake inavyofanya kazi, wapi inakaza, wapi inalegea, wapi inashtuka. Mpokeaji ana nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zimelazwa ndani ya nyama kutoka paja hadi unyayo. Nikichuchumaa hapa Kihesa, nyuzi zinaiambia misuli ya Ladislaus kule Mlandege: chuchumaa. Misuli haina macho. Inaamini imechuchumaa, na inanenepa kwa imani hiyo.

Ila Mwangwi una masharti mawili, na wataalamu waliyajua baada ya kuaibika. Kwanza walifunga mkanda kwenye mashine isiyochoka, ikapiga teke lilelile usiku na mchana. Siku ya nne misuli ya wagonjwa ikalala usingizi. Kitu kikijirudia, mguu haukisikii tena, kama wewe usivyosikia saa ya ukutani kwako. Basi wakaleta vijana wa mpira. Wiki ya kwanza ikawa nzuri. Wiki ya pili vijana wakachoka moyoni, wakawa wanaruka huku wanatazama saa, na mwangwi ukatoka kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Damu ya mtu anayefanya kitu kwa kinyongo ina ladha yake, na nyuzi zinaijua.

Kwa hiyo mtoaji lazima abadilishe zoezi, na lazima awe na hamu. Katika Iringa nzima, mwaka huo wa elfu mbili na sabini na mbili, tulipatikana watu tisa.

Mimi nilibadilisha. Mvua ikinyesha nilikaa ukutani bila kiti mpaka taarifa ya habari iishe, nilipiga deki kwa mguu mmoja, nilisukuma kabati la marehemu mke wangu Veridiana kutoka chumbani hadi sebuleni na kulirudisha. Jua likiwaka nilibeba ndoo za mchanga, nilicheza rede na wasichana wa shule ya msingi wakanitandika mpira mpaka nikaomba poo. Nilipanda mlima wa Ipogolo kinyumenyume, na ng'ombe mmoja alinitazama sana, kisha naye akaanza kurudi kinyumenyume. Mwenyewe alikuja kunishtaki kwa balozi kwamba ng'ombe hafiki tena malishoni.

Msinisifu. Kabla ya mkanda nilikaa kwenye kochi miezi kumi na minne. Veridiana alipofariki sikuona sababu ya kusimama. Kochi lilishika umbo langu, nami nikashika la kwake. Kilichoninyanyua si huruma. Ni kwamba nisingevumilia Mngoni aseme mguu wake umechoshwa na Mhehe.

2

Jumatatu nilikwenda Mlandege bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta Ladislaus amesimama juu ya stuli, mkono juu ya kabati, anatafuta karanga ambazo binti yake humficha. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa hewani. Alikuwa amesimama kwa ule wa kushoto, tena kwa vidole.

Akageuka. Hakuanguka hata kidogo.

"Karibu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zile siku za rede."

"Hizo ni wiki tatu, Mngoni!"

"Nilitaka kukwambia. Halafu nikawaza, nikimwambia, domo lake lile, Kituo watajua. Na Kituo wakijua watanipeleka kwenye ngazi." Akashuka na karanga zake, akaketi, akanisogezea barua iliyokuwa mezani. "Na wamejua bila wewe. Ijumaa, saa nne asubuhi."

Ngazi ni kipimo. Mpokeaji akipanda vidato kumi na viwili bila kushika kitu, anahesabiwa amepona. Mkanda wa mtoaji unaunganishwa na nyuzi za anayefuata kwenye foleni.

"Si jambo la furaha hilo?" nikauliza.

"La furaha. Ila wakishaniacha natakiwa nifanye mazoezi mwenyewe." Alilitamka neno mwenyewe kama mtu aliyeambiwa ale sabuni. "Kila siku, Mhehe. Bila mtu wa kunitukana asubuhi. Unanijua. Nitakaa. Ndani ya mwaka mguu utarudi ulikotoka."

 Nilikuwa naliona kochi langu. Niliona pale katikati palipobonyea.

"Anayefuata ni nani?" akauliza.

"Simjui. Ni jina tu kwenye foleni. Watoaji tuko tisa, hatakosa wa kumpa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa utaanguka."

Nimekagua mizani miaka thelathini na sita. Pale Makambako niliwahi kukuta mizani iliyozoea uongo kiasi kwamba ukiiacha tupu inapima upepo kilo mbili na kudai shukrani. Najua kudanganya kunavyofanywa, kwa sababu nilikuwa nawakamata wanaofanya vibaya. Muuza mchele mjinga hubandika sumaku nzima chini ya sinia. Mwerevu hupaka nta kidogo, ile ambayo hata wewe mkaguzi unaona haya kuitaja.

"Usianguke kidato cha kwanza," nikamfundisha. "Wataona umekusudia. Panda sita vizuri. Cha saba, goti liulize swali. Halafu usianguke kama mtu anayeanguka. Anguka kama mtu anayekataa kuanguka."

Tukatandika godoro uani. Siku tatu alianguka. Alianguka kushoto, alianguka kwa kuzunguka, alianguka huku anaomba radhi. Binti yake akirudi kazini tunakunja godoro kama watoto walioiba sukari. Na sitadanganya hapa: sijawahi kuona mazoezi matamu kama yale. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Tunamwibia nani lakini?" akauliza siku ya tatu, akiwa chali.

"Hakuna. Ni utani wetu mimi na wewe."

3

Alhamisi nilipanda Ipogolo na ndoo ya mchanga kichwani, nikibadilisha hatua: tano ndefu, tano za ubavu, tano za kunyanyua magoti. Nyuma yangu nikasikia magurudumu. Kiti-mwendo, vile vinavyojisukuma kwa jua, kilinifikia kikapunguza mwendo. Alikuwamo mwanamke wa makamo, mabega mapana, koti la mvua la rangi ya machungwa kama wanalovaa watu wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Wewe ndiye Mzee Kihwele wa Mwangwi?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni mwenye ng'ombe, si mimi."

Hakucheka, lakini alielewa. "Naitwa Paskalina Gwandu. Kwetu Mbulu, ila niko huku miaka kumi na tisa. Naendesha greda Kilolo. Siku hizi zinajiendesha, lakini kule milimani bado wanahitaji mtu wa kuziambia pale ni shimo." Akajisahihisha. "Nilikuwa naendesha. Mimi ndiye nafuata kwenye mkanda wako."

Ndoo ikawa nzito ghafla. Nikaitua.

"Miguu?" nikauliza.

"Inanyauka. Bado nina hatua kama kumi kwa siku. Tatu kitandani hadi kwenye kiti, nne za chooni kwenda na kurudi. Tatu naweka akiba." Alisema kama mtu anayetaja vitu vilivyomo ghalani. "Nikizidisha, kesho yake hakuna kitu kabisa. Nyuzi walinishonea mwisho wa Januari. Wamekwambia kuhusu nyuzi?"

"Kuhusu nini?"

"Zisiposikia mwangwi ndani ya miezi sita, mwili unazimeza. Kama mti unavyomeza msumari. Na hazishonwi mara mbili. Mwisho wangu ni Jumanne hii. Kwa hiyo nimekuwa nikimwombea huyo baba wa Mlandege apande salama."

Lori lisilo na dereva likatupita, likatutupia vumbi, na kwa muda ule nilishukuru vumbi.

"Nina ombi," akaendelea. "Nasikia unafanya vituko. Majogoo na nini. Nilifurahi. Mimi naomba ya nje yawe mengi. Ya ndani yapo, najua, siku za mvua. Lakini mimi nimekaa ndani vya kutosha."

Hapo ndipo maneno yalipopaswa kutoka. Yalifika hapa, kwenye kidakatonge. Nikasema, "Mungu ni mwema."

Katika miaka yangu thelathini na sita, wauzaji wote niliowakuta na jiwe chini ya sinia walimtaja Mungu kabla sijainama kuchungulia.

Alipoondoka nilimpigia Tumpe, mtaalamu wa Kituo, binti wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kukata kucha. Nikamuuliza kana kwamba ni udadisi tu: hao watoaji wengine wanane vipi?

"Wote wana wapokeaji, babu. Wa karibu kabisa kumaliza ni Oktoba."

"Oktoba."

"Ndiyo. Ni wewe tu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nilikwenda Mlandege alasiri ile nikiwa nimepanga kusema. Ladislaus alikuwa anafanya mazoezi ya uso wake wa kuanguka mbele ya kioo, akaniuliza kama mdomo uwe wazi au umefungwa. Nikamwambia wazi. Jumanne sikuitaja. Nilijiambia kwamba wataalamu siku zote huweka tarehe za kutisha, kwamba miezi sita labda ni saba. Tena nilijiambia mwanamke yule ana nguvu, atavumilia. Mizani yangu mwenyewe niliibandika nta pande zote, ikalala sawa kabisa.

4

Uani kwa Kituo kuna ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Vidato kumi na viwili, kibaraza kidogo juu, na magodoro pande mbili. Ijumaa saa nne kulikuwa na baridi ile ya Julai inayokung'ata masikio. Tumpe alishika kibao chake. Mimi nilisimama upande wa kushoto na mkanda wangu kiunoni. Paskalina Gwandu alikuwa ameegesha kiti chake karibu na mguu wa ngazi, koti lilelile la machungwa, mikono mapajani.

"Taratibu, baba," akamwambia Ladislaus. "Hatuna haraka."

Ladislaus akamwitikia kwa heshima. Hakujua ni nani. Alidhani mgonjwa mwingine. Akaanza kupanda.

Alipanda vizuri. Moja, mbili, tatu. Kidato cha nne akapumzika, kitu ambacho sikumfundisha, nikaona huyu ni msanii. Sita. Saba, goti likauliza swali. Mikono ikatafuta hewa. Mdomo wazi. Akaanza kuanguka kuelekea godoro, polepole, anavyokataa, na hata mimi niliyekuwa mwalimu nilitaka kupiga kelele.

Lakini Paskalina aliinuka.

Niliziona hatua zake. Sikutaka kuzihesabu, ila macho ya mkaguzi hayaombi ruhusa. Moja, mbili, tatu, zile za akiba. Nne, tano, sita. Alimfikia akiwa amenyoosha mikono, akampokea kifuani, na wote wawili wakashuka chini, yeye chini, Mngoni juu, nje ya godoro.

"Umeumia, baba?" Sauti yake ilikuwa imebanwa. "Umeumia?"

"Mimi? Hapana. Mama, kwa nini umeinuka?"

"Ulikuwa unaanguka."

Alijaribu kukaa. Miguu haikumsikia. Alilipiga paja kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kuwa wenyewe wamehama. Tumpe akakimbia na kupiga magoti. "Mama Gwandu, nilikwambia hatua kumi! Na bado siku nne! Mwili ukichoka hivi nyuzi zinamezwa upesi zaidi!"

"Siku nne za nini?" akauliza Ladislaus.

Tumpe akamweleza, kwa sentensi mbili. Ladislaus alisikiliza huku amepiga magoti. Kisha akanitazama, na nikatazama viatu vyangu.

Akasimama. Bila fimbo, bila kushika. Akamnyanyua yule mama mikononi, akamrudisha kwenye kiti chake, akamfunika miguu kwa koti lake. Halafu akarudi kwenye ngazi, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mkuu wa shule, akapanda vidato vyote kumi na viwili na kusimama juu ya kibaraza.

"Andika, binti," akasema. "Kumi na mbili. Na wiki tatu zilizopita ingekuwa kumi na mbili vilevile."

 Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikajaribu kucheka.

"Mama, usituchukulie vibaya," nikasema. "Sisi ni watani. Mngoni na Mhehe, ndivyo tulivyo. Ilikuwa utani."

Paskalina akanigeuzia kiti chake.

"Wewe Mhehe, yeye Mngoni," akasema. "Mimi Mwiraqw. Hakuna babu yangu aliyewahi kupigana na babu yako, mzee. Hatujawahi kupatana, wala kukosana. Huyu ukimwibia, mmetaniana. Mimi umeniibia tu."

Nikafunga mdomo uliokuwa bado unacheka. 

"Jana barabarani, ulijua?" akauliza.

"Nilijua baada ya kunieleza."

"Na leo asubuhi ulikuja."

"Nilikuja."

"Anjelus," akasema Ladislaus kutoka juu ya ngazi, polepole, "mimi hukuniambia." Hakuongeza tusi lolote. Miaka arobaini tumejuana, na ile ndiyo mara ya kwanza aliniita na kuniacha hivyohivyo.

Tumpe akanyoosha mkono. "Mkanda, babu. Tuurekebishe tuanze na Mama Gwandu sasa hivi."

"Kutoka kwake sitaki," akasema Paskalina.

"Mama, hakuna mwingine!"

"Ile hamu yake anayosifiwa, siitaki ndani ya miguu yangu." Akamwelekezea Ladislaus kidole. "Yule pale."

"Mimi?" Ladislaus alishika reli kwa mara ya kwanza. "Mama, mimi ni mvivu. Uliza Mlandege nzima. Sijawahi kukimbia hata mvua."

"Umepanda ngazi bila kuambiwa na mtu."

Nikaufungua mkanda mwenyewe. Kiuno cha Ladislaus kilihitaji tundu jipya, na Tumpe akalitoboa kwa msumari.

5

Jumamosi nilikaa kwenye kochi. Jumapili pia. Kochi halikuniuliza kitu.

Habari nilizipata kwa Tumpe, ambaye alinipigia kunigombeza na akajikuta anaeleza. Ladislaus alikuwa anafanya kila kitu. Alichuchumaa, alibeba ndoo, alipanda na kushuka ngazi ya Kituo mara mia huku jasho linadondoka. Upande wa Paskalina, hakuna. Mkwaruzo mtupu.

"Si anafanya kwa moyo?" nikauliza.

"Anafanya kwa toba, babu. Kila akiinama anafikiria alivyomwangukia. Kwenye nyuzi toba na kinyongo havitofautiani. Vyote ni mtu anayejilazimisha."

Jumatatu jioni simu ikalia tena. Sauti ya Ladislaus ilikuwa imechakaa.

"Kesho saa moja asubuhi nitakuwa chini Ipogolo. Ndiyo siku ya mwisho."

"Mama yule hanitaki."

"Hakutaki kwenye mkanda. Barabara ni ya serikali."

Jumanne nilikwenda. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Ladislaus alisimama kando ya barabara, mkanda kiunoni, simu mfukoni mwa shati, kofia yake ya sufi kichwani, ile aliyofumiwa na binti yake. Macho mekundu.

"Tunaanzaje?" akauliza.

"Unavyojisikia."

"Sijisikii. Nikiinua mguu namwona yeye pale chini." Akafuta pua. "Anasikiliza, simu iko wazi. Hajasema neno tangu saa kumi na mbili."

Niliwaza kumpa maneno mazuri. Kumwambia ajisamehe, avute pumzi, atazame milima. Yale wanayosema watu waliosoma. Nikamtazama Mngoni wangu, mkubwa, mnyonge, anatia huruma kama godoro lililoachwa mvuani. Na nikajua kwamba adabu yangu ingemuulia mama yule miguu yote miwili.

Nikaikwapua ile kofia na kuanza kupanda mlima.

"We!" akasema. "Anjelus! Si wakati wake!"

"Babu zenu walitoka mwisho wa Afrika kwa miguu!" nikapiga kelele. "Wakavuka mito kumi! Mjukuu hawezi kufuata kofia?"

"Rudisha, mwanangu kaifuma!"

"Njoo uichukue, seremala! Au unasubiri kenchi ikuangushie?"

Nikasikia nyayo. Sitadai kwamba tulikwenda kasi. Kobe mwenye mafua angetupita na kutupa pole. Lakini tulikwenda. Nikakata kushoto kwenye mawe, nikipanda kwa mikono na miguu, naye nyuma yangu anakoroma. Nikaruka mtaro. Akaruka. Nikapita juu ya bomba la maji nikitandaza mikono, kofia imening'inia menoni, akapita naye akinitukana ukoo wangu kwa mpangilio kuanzia baba. Tukashuka kwa makalio kwenye udongo mwekundu, tukapanda tena kwa ubavu. Wanawake waliokuwa wanapeleka nyanya sokoni wakaweka chini matenga na kushangilia bila kujua wanashangilia upande gani.

"Mla mbwa!" akanguruma nyuma yangu. "Nikikukamata nakukaanga!"

"Kwa mafuta gani? Ya kitambi chako?"

Ndipo akacheka. Kile kicheko chake cha kuvunja mbao, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Ijumaa. Kilimtoka akiwa hewani, katikati ya mtaro wa pili, akatua vibaya, akainuka bado anacheka, akaja.

Mfukoni mwake simu ikasema kitu. Akasimama. Mimi nikasimama hatua chache mbele yake mlimani, mapafu yakiwa yamenigeuka.

"Kulia," ikasema sauti ya Paskalina.

"Nini, mama?"

"Mguu wa kulia. Kidole gumba. Kimejikunja." Tukasikia anavuta pumzi. "Na sasa paja. Kuna kitu kama... kama nyuki."

Ladislaus akaketi barabarani, mikono kichwani.

"Kwa nini umeacha?" akauliza Paskalina. "Kimekatika. Kwa nini umeacha?"

"Nimesimama kidogo, mama. Samahani. Naendelea."

"Na huyo aliyekuwa anatukana hapo ni nani?"

Ladislaus akanitazama. Nilikuwa nimeshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye mlangoni kwa watu, hajui kama atakaribishwa. Nikatikisa kichwa kumkataza. Hakunisikiliza.

"Ni mtani wangu, mama."

 Tenga moja la nyanya likapita, kisha la pili.

"Mwambie asisimame," akasema Paskalina.

Nikakimbia.